Mama Rozina Kasitu na Krismasi ya Watoto Kwanza

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, mwenyekiti wa mtaa, ndugu mliotoka Laela, Ilemba na Wampembe, majirani wa Majengo, shikamooni wakubwa wote, na ninyi watoto mlioketi mkekani hapa mbele, ambao tangu juzi mmekuwa mkivuta nguo za wakubwa na kuuliza swali moja tu, kwamba bibi akishazikwa Krismasi ipo au haipo, tulieni, jibu nimepewa na familia na nitalisoma, lakini litafika kwa zamu yake, maana marehemu hakuruhusu mtu yeyote afunue sufuria kabla ya wakati, na aliyejaribu aliondoka na alama ya mwiko. Mimi ni Vitus, mtoto wa Marsiana, mdogo wake marehemu, na ninasoma kwa niaba ya familia.

KUZALIWA. Marehemu Rozina, mjane wa Mzee Nestory Kasitu, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Agosti 1951 huko Laela, mtoto wa kwanza kati ya tisa, wazazi wake wakiwa wakulima wa mahindi na ulezi, na kwa kuwa mama yao alishinda shambani, Rozina alianza kusonga ugali akiwa na miaka saba, amepanda juu ya kinu kilichogeuzwa ili afikie chungu, huku wadogo zake wanane, kila mmoja kwa wakati wake alipozaliwa, wakiwa wamemzunguka na kumhimiza kwa vilio.

ELIMU. Alianza shule ya misheni Januari 1960, akamaliza darasa la saba mwaka 1966, kisha mwaka 1967 na 1968 akajifunza upishi na ushonaji kwa masista, ambako alifaulu yote isipokuwa jambo moja, ambalo sista mkuu aliliandika kwa wino kwenye cheti chake, na cheti tunacho, kinasomeka hivi: “Rozina anapika vizuri sana, ila hajui kupika kidogo.”

KAZI. Sista alimwonea bure, kwani tarehe 4 Januari 1971 Rozina aliajiriwa kuwa mpishi katika shule ya bweni hapa Sumbawanga, shule yenye wanafunzi mia nne, mahali ambapo kupika kidogo hakuna faida kwa mtu, na akafanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na mitano na nusu hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, bila kuunguza maharage zaidi ya mara mbili, na mara zote mbili alisema ni kuni. Alipima mchele kwa ndoo, chumvi kwa bakuli na mafuta kwa macho, akawafahamu wanafunzi kwa njaa zao, yupi anakula haraka kwa sababu nyumbani wako wengi, yupi anakula taratibu kwa sababu amemkumbuka mama yake, na wapo humu ndani ya msiba watu wazima wenye vitambi na vyeo, sitawataja, waliokuwa wakizunguka nyuma ya jiko lake saa nne asubuhi na kumsalimia shikamoo mara tatu tatu kwa ajili ya ukoko.

NDOA. Tarehe 20 Julai 1974, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Nestory Kasitu, fundi cherehani wa Majengo, kijana mpole, mwembamba kama uzi wake mwenyewe, na hapa ndugu waombolezaji ndipo ilipoanzia habari iliyotukusanya miaka hamsini, kwa sababu Krismasi ile ya kwanza ya ndoa yao, tarehe 25 Desemba 1974, Nestory alikuwa ameleta kutoka Ilemba gunia la mchele alilokusudia lifike Pasaka, akatoka kwenda misa ya asubuhi, akamwacha mke wake jikoni na maelekezo kwamba wageni ni wawili, mama yake na shangazi yake. Rozina, ambaye kwa miaka mitatu na zaidi hakuwahi kupika kwa kipimo kingine chochote isipokuwa ndoo, aliazima sufuria la shule kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa, akapima kama alivyozoea, na Nestory aliporudi alikuta nusu ya gunia limeiva. Alisimama mlangoni, akaangalia sufuria, akamwangalia mke wake, akauliza, “Rozina, hawa wageni wawili wanakuja na kijiji?” Naye Rozina, akiwa ameshaliona kosa lake lakini hana mpango wa kulikiri mbele ya mwanamume, akajibu, “Baba, toka nje uite watoto, chakula kinapoa.” Basi fundi akatoka na suti yake ya harusi, akapita nyumba hadi nyumba kwenye matope ya Desemba akiita watoto, wakaja wa ndugu, wa majirani na wengine ambao hadi leo hatujui walikuwa wa nani, wakala, wakashiba, wakanywa togwa ya ulezi, na mwaka uliofuata hawakungoja kuitwa.

Kosa lile likawa utaratibu wa nyumba, nao ulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, watoto wanakula kwanza, ndani ya nyumba, kwenye joto, na wakubwa wote, hata awe mjomba aliyetoka Dar es Salaam na begi la magurudumu, wanasubiri barazani, mvua inyeshe isinyeshe, hadi mtoto wa mwisho aseme ameshiba. Ya pili, firigisi, ambayo kwa desturi yetu sote tunajua ni ya baba mwenye nyumba, siku hiyo anapewa mtoto mdogo kuliko wote mwenye meno. Sheria hii ya pili ilimuuma Mzee Nestory kwa miaka thelathini na sita, mwaka wa kwanza alilalamika wazi akisema, “Mimi ni baba wa nyumba hii au ni mpangaji?”, naye akajibiwa, “Baba, wewe una meno thelathini na mawili na huna haraka, huyu ana mawili na kazi ni kubwa,” na tangu siku hiyo hakusema tena, ila kila Krismasi alionekana akipita karibu na mtoto mdogo, akimpapasa kichwa, akimchungulia mdomoni.

WATOTO. Mungu aliwajalia watoto wanne, Flavian aliyezaliwa mwaka 1975, Mary 1978, Josefina 1982 na Abel 1986, na marehemu ameacha wajukuu kumi na saba na vitukuu watatu. Mzee Nestory alitangulia tarehe 9 Machi 2011, na wengi tulidhani Krismasi itapungua, lakini mjane wake aliongeza sufuria.

Katika historia ya kweli hatuwezi kuruka mwaka 2016, na familia imeniruhusu niusome. Abel alikuwa amemuoa Hellena, binti wa Mzee Maganga, mfugaji na mkulima, watani zetu waliotoka kaskazini na ng'ombe wao wakahamia Ilemba, na mwezi Machi mwaka huo ng'ombe wa Maganga waliingia kwenye mahindi ya familia yetu kule bondeni, ekari tatu, wakala kwa utulivu kabisa kama walioalikwa. Flavian, kama mtoto wa kwanza, alikwenda kudai haki, maneno yakawa makubwa kuliko shamba, Flavian akasema watu wa Maganga wasikanyage Majengo, Maganga akasema hata akialikwa kwa tarumbeta haji, Abel akasimama upande wa mke wake huko Ilemba walikokuwa wakiishi, na Krismasi ya 2016 na ya 2017 watoto wa Abel hawakuletwa. Miaka ile miwili marehemu alipika kama kawaida, akapakua kama kawaida, lakini mtoto wa mwisho alipotangaza kushiba, yeye aliendelea kusimama na mwiko mkononi, akitazama mlango, na wakubwa huku barazani tukaendelea kukaa na njaa bila kuthubutu kuuliza.

Tarehe 24 Desemba 2018, akiwa na miaka sitini na saba, alivaa kanga mbili juu ya sweta, akapanda gari la abiria asubuhi, akateremka mlima hadi Ilemba peke yake, akafika kwa Mzee Maganga, akapewa kigoda, akapewa maziwa, akanywa, kisha akasema maneno ambayo Hellena aliyasikia kwa masikio yake na ametuhakikishia hayakuzidi haya: “Mzazi mwenzangu, ng'ombe wako wameshakula mahindi yangu na sikuwadai, sasa nipe wajukuu zangu nao wale.” Mzee Maganga akaingia ndani, akatoka, akasema, “Mama, nikikupa watoto peke yao utasema na mimi ni ng'ombe, nitakuja nao mwenyewe.”

Kesho yake akafika Majengo na dume la mbuzi na watoto kumi na mmoja, wanne wa Abel na saba wa kwake kwa wanawe wengine, watoto wakaingizwa ndani kwenye joto, naye akaelekezwa barazani na wakubwa, na nafasi iliyobaki kwenye benchi ilikuwa moja, pembeni ya Flavian. Ilikuwa inanyesha manyunyu yale ya kwetu yanayopita ndani ya mfupa, Maganga ametoka bonde la joto na shati la mikono mifupi, anatetemeka hadi benchi linatetemeka, na Flavian anatazama mbele kama askari wa gwaride. Wakakaa hivyo saa nzima, maana watoto walikuwa wengi na mama alipakua bila haraka, na wapo wanaosema siku ile alipakua taratibu kuliko siku zote. Hatimaye Flavian akavua koti lake, akalirusha mapajani kwa Maganga bila kumtazama, akasema, “Vaa, usije ukafia kwetu tukaambiwa tumekuloga,” Maganga akalivaa, akafunga vifungo vyote, akasema, “Koti zuri, ila linanuka mahindi,” na hapo wa kwanza kucheka alikuwa Flavian, akacheka hadi akashika ukuta, na mama akatokea dirishani akauliza kuna nini, akaambiwa hakuna kitu, mama, tuna njaa.

Watoto wote wa ukoo huu hawajakosa Krismasi tangu siku ile.

UGONJWA NA KIFO. Marehemu alianza kuugua miguu na kuishiwa nguvu mwezi Julai mwaka huu wa 2024, akagundulika na tatizo la figo, akalazwa mara tatu, mara ya mwisho tarehe 6 Desemba, ambapo daktari alimwambia apumzike, naye akamuuliza daktari kama ana watoto, alipoambiwa wawili, akamwambia awalete tarehe 25 saa sita, waje na njaa. Tarehe 12 alimwagiza Mary aandike vipimo vyote kwenye daftari, akatamka kimoja kimoja, na Mary alipotoa machozi juu ya karatasi aliambiwa ayafute vizuri, asije akasoma sifuri ambayo hakuitamka. Kisha akasema jambo ambalo Mary alilinyamazia hadi siku ya kikao, kwamba, “Nikiondoka kabla, msiwafanye watoto wasubiri kwa ajili yangu, nizikeni mapema muwahi kuni.” Alifariki Jumatano tarehe 18 Desemba 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Sasa, watoto, tumefika. Juzi Alhamisi mchana familia iliketi, na si kweli kwamba wote tulikuwa na neno moja, Flavian alisema itakuwa aibu, watu watatuona tunakula wali siku nne baada ya kufukia mama yetu, mwaka huu jiko lisiwashwe, na hoja yake ilikuwa na uzito, wazee wengi waliiunga mkono kwa vichwa. Mary akamwambia yale ya hospitalini. Flavian akauliza kama mama alitamka hivyo hivyo, akaambiwa hivyo hivyo, akauliza swali ambalo ndilo lilikuwa linamsumbua tangu mwanzo, akasema, “Sawa, lakini nani atasimama pale kwenye sufuria? Mimi siwezi kumwona mtu mwingine pale.” Mary akalisukuma daftari mezani hadi likamgusa mkono, na mtoto wa kwanza wa Rozina, ambaye katika miaka arobaini na tisa hajapika kitu zaidi ya chai, na chai yenyewe tuliijua, akalifungua ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma kwa sauti.

Kwa hiyo natangaza rasmi. Krismasi ipo. Hakutakuwa na redio wala ngoma, kutakuwa na sala, na mpishi ni Flavian, akisimamiwa na dada zake, na Mzee Maganga amejitolea kuonja, tumemkatalia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mama usiku na mchana na kuvumilia mialiko yake, Baba Paroko na jumuiya, wapishi wenzake wa zamani walioleta masufuria ya msiba huu, majirani wa Majengo mliolala nasi kwenye baridi, na wote mliotoka mbali kwa ajili yake, hatuwezi kumtaja kila mmoja, pokeeni asante zetu.

Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe.

Mama yetu, pumzika kwa amani. Jumatano saa sita watoto watakula.