Mnoa Misumeno Aliyewapiga Wenzake Darajani

Ndugu waombolezaji, mashahidi wote kumi na wawili waliohojiwa, wakiwemo wasiompenda, wanakubaliana juu ya mambo matatu: kwamba Jumapili tarehe 11 Agosti 2019, saa saba na nusu mchana, marehemu kaka yangu alisimama kwenye daraja lililo baina ya makazi ya wafanyakazi na kiwanda cha mbao, kwamba alishika mpini wa shoka, na kwamba aliwapiga watu kwa mpini huo, wake kwa waume. Kinachobishaniwa ni sababu, na kwa kuwa taarifa ya kiwanda inamwita mtu aliyerukwa na akili, familia imenituma nisome maisha yake kama yalivyokuwa.

Alizaliwa tarehe 6 Mei 1966, wa kwanza kati ya watoto watano, katika chumba cha kupanga nyuma ya tanuri la matofali, akamaliza darasa la saba mwaka 1981 na kufaulu, lakini baba alikuwa amefariki Machi mwaka huo, hivyo akabeba matofali ili sisi wadogo zake tusome.

Tarehe 3 Februari 1987 aliajiriwa kunoa misumeno, akadumu katika chumba kimoja miaka thelathini na miwili, mlio wa mashine ukamla masikio hadi cheti cha daktari cha mwaka 2008 kikathibitisha kwamba la kulia limekufa na la kushoto liko njiani, watani wake wakambatiza Sema Tena, naye akawajibu kwamba heri yake, umbea wao haumfikii.

Jumamosi tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja muuguzi, mwingine mpishi wa kantini ya kiwanda.

Waliishi katika nyumba za mabanzi zilizogusana mapaa, hatua arobaini kutoka msitu wa misonobari, ilhali mameneja walikaa katika nyumba za matofali ng'ambo ya kilima, na kumbukumbu za simu za Jumapili hiyo zinaonyesha kwamba, moto ulipozuka msituni upande wa kiwanda, mameneja walipigiwa wahame saa nne asubuhi. Sidai kwamba mtu alitaka wengine wafe, ushahidi huo sina, nasema tu kwamba upande wa mabanzi haukupigiwa.

King'ora cha moto ndicho hichohicho kilichoita zamu, na aliyekosa zamu ya dharura mara mbili alifukuzwa kazi, hivyo kilipolia Jumapili hiyo watu zaidi ya mia mbili walitoka mbio kwenda kiwandani, wengine wakifunga vifungo vya ovaroli njiani, yaani kuufuata moto wenyewe. Kaka yangu hakusikia king'ora, aliona moshi.

Alipiga kelele warudi, wakamjibu, "Sema Tena, leo hatuna muda wa utani, tupishe," na hapo ndipo alipoanza kupiga. Wa kwanza alikuwa binti yake mpishi, aliyeng'oka meno mawili, wa pili dereva wa trekta, aliyevunjika mkono mahali pawili, akafungua jalada la shambulio, na leo yumo humu kati yetu. Waliofuata walipasuka vichwa, wakamtukana, wakageuka, wakatoka kwa barabara ya chini.

Kumi na tisa walikuwa wamekwisha kuvuka. Moto uliruka kutoka msituni hadi kwenye marundo ya mbao, ukawazunguka, wakaungua wakiita mama zao, naye akautupa mpini, akaingia, akatoka na mwanamke mmoja mgongoni, ngozi ya mikono yake ikining'inia. Wasemao kwamba alimwokoa wanakosea, mwanamke huyo alikata roho saa kumi.

Marehemu alilazwa siku kumi na nane. Mpelelezi alimwandikia swali kwenye karatasi, kwa nini uliwapiga, naye akajibu, "Ningewabembeleza mpaka lini, afande?" Alifariki Alhamisi tarehe 29 Agosti 2019, saa tatu asubuhi, kwa majeraha yaliyoingia sumu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya majeraha ya moto, majirani waliotupa vyumba baada ya vyetu kuteketea, na wafanyakazi wenzake waliochimba kaburi hili, baadhi yao wakiwa bado na nyuzi kichwani.

Kwa kifo chake jalada la shambulio limefungwa, lakini taarifa inayomwita mwendawazimu haijafutwa, nayo ndiyo wajukuu wake watakayoisoma. Kaka, pumzika kwa amani. Nanyi mliokuwa darajani, msiniamini mimi niliye damu yake, amueni wenyewe.