Zamu ya Kusukuma

Benchi letu liko kwenye kona, katikati ya mteremko. Chini yetu kuna nyumba za watu, juu yetu zahanati, na nyuma ya migongo yetu mlango wa Mama Kiti. Mimi ndiye mwenye birika la kahawa, ndiyo maana huniita Birika; wateja wangu ndio wenye maneno. Leo asubuhi, moto haujashika hata vizuri, Mama Kiti akatoka na kile kiti cha magurudumu ambacho kikundi chake cha kujitolea hukitumia kuwapandisha wagonjwa zahanati. Akakiegesha ubavuni mwa benchi, akakifunga breki, akapangusa sehemu za mikono kwa kitambaa kama anavyofanya siku zote. “Wanangu, mgongo umegoma,” akasema. “Wenzangu wawili wamehama, wa tatu anamuuguza mumewe. Mwenye nguvu akichukue. Mimi nakwenda kulala.” Akaingia, akafunga mlango. Hao wanawe waliokuwapo ni watatu: Mahakama, mlinzi anayetoka zamu na kuhukumu kila kinachopita, Betri, fundi simu ambaye mdomo wake hauishiwi chaji, na Waziri, fundi cherehani asiyevua koti hata jua likiwaka vipi. Nikawamiminia. Kiti hakuna aliyekigusa.

— Amechoka wapi! akaanza Betri. Mtu hachoki hivi hivi tu. Hapo pana jambo.

— Mgongo, nikasema. Kasema mgongo.

— Birika, wewe mimina. Mgongo ni neno la kuagia tu.

— Kesi iko wazi, akasema Mahakama huku macho yakimfumbika. Anayefanya kazi bila malipo, ama ni malaika ama ana mpango. Na malaika hawakai mtaa huu, maji yenyewe hayatoki.

— Jamani, kutoa ni moyo, akasema Waziri.

— Wewe umetoa nini? akauliza Betri.

— Moyo si ninao? Basi nimeshatoa.

Tukacheka, kicheko cha watu ambao hawajalala vizuri. Kikaisha upesi.

— Waziri, nikamwuliza, leo si siku ya mama yako kusafishwa kidonda?

— Ndiyo leo.

— Na hupanda na kiti hiki.

— Hupanda nacho. Sasa wewe unaogopa nini? Kikundi kipo. Mama Kiti akijinyoosha kidogo ataamka. Mwaka jana si alisema hivi hivi, mgongo mgongo?

— Na mwaka jana akaamka akasukuma.

— Si ndiyo nasema!

Nilichoka naye hapohapo. Kidonda chenyewe nakijua. Nesi alisimama mbele ya benchi hili hili akamwambia yule bibi kwamba sukari haina mchezo, akiruka siku za kusafishwa, mguu utakuja kukatwa. Waziri alikuwapo, kikombe mkononi. Alitikisa kichwa kwa huruma kabisa.

— Sikilizeni, akasema Betri, akisogea mbele. Mama Kiti amechukuliwa na shirika kubwa. Wale wenye magari ya antena ndefu. Wamempa cheo, sasa atasukuma wagonjwa kwa simu.

— Kwa simu vipi? nikauliza.

— Anakaa ofisini, anapiga: “Mgonjwa, panda.” Mgonjwa anapanda.

— Mahakama hii inakataa, akasema Mahakama. Angekuwa na cheo asingelala saa hizi, angekuwa mkutanoni. Mimi nawaambia tunapimwa. Kiti kimewekwa hapa makusudi. Kuna mtu mahali fulani anatazama nani atakigusa. Ukikigusa tu, umeandikwa. Wiki ijayo unasukuma, mwezi ujao unasukuma, unazeeka unasukuma. Mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo methali haiingii hapo, nikasema.

— Itaingia tu, tusubiri.

— Nyote hamjaona mbali, akasema Waziri, akalivuta koti lake. Hivi vikundi ndivyo vinavyotuharibia mtaa. Zamani kila mtu alibeba mzazi wake. Vikaja vikundi, watu wakalegea. Sasa vikishatulegeza, vinaondoka! Ni mpango wa muda mrefu huo. Wanataka watu wote wakae, wasiinuke tena. Siku moja mtaa mzima utakuwa umekaa.

— Utakuwa umekaa, Betri akaitikia, naye akajiegemeza vizuri.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Mahakama. Ndiyo maana mimi changu nakitunza. Bila vile vingine, cha nini?

Ningewamwagia kahawa mapajani. Lakini mkono nao umechoka, na hao ndio wateja wangu.

Ndipo mke wa Waziri akapanda. Yule dada hajawahi kusimama kijiweni kwetu. Hupita upande wa pili wa njia, anaamkia kwa mbali, anakwenda zake. Leo alikuja moja kwa moja, anahema, khanga imemlegea begani.

— Hamjambo?

— Hatujambo, shemeji. Karibu.

— Nimeshakaribia. Baba watoto, mama kavaa viatu tangu alfajiri. Yuko mlangoni kwenye kigoda.

— Anangoja nini?

— Unaniuliza mimi anangoja nini?

Waziri akatazama ndani ya kikombe. Yule dada akageuka, akakiona kiti.

— Kumbe kipo! Na mwenyewe yuko wapi?

— Kapumzika, nikasema. Mgongo.

— Maskini, mama wa watu. Haya, basi nitamsukuma mwenyewe.

Akashika mishikio, akasukuma. Kiti hakikwenda. Akasukuma kwa kifua, magurudumu yakakwaruza chini bila kuzunguka.

— Breki yake inafunguliwaje?

Betri akainama kama anayekagua simu, akabonyeza kitu, kikabonyea na kurudi. Mahakama akalipiga teke gurudumu. Waziri akavuta chuma kimoja, kikambana kidole, akakinyonya. Wakatazamana, kisha wote wakanitazama mimi. Nami sijui. Kiti kimepita mbele ya birika langu mvua na jua, na sijui.

— Si kinapita hapa kila siku? akauliza yule dada. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anauliza tu.

Mahakama akarudi kuketi.

— Basi mmoja amgongee Mama Kiti amwulize.

Hapo tukaona haya hasa. Mlango uko nyuma ya migongo yetu, hatua chache. Lakini tangu tumjue, hatujawahi kuugonga ila tukiwa na shida, na leo ndiyo kwanza kasema anakwenda kulala.

Waziri akainuka. Akavua koti, akalikunja, akaliweka kwenye benchi. Shati lake mgongoni lilikuwa limeungwa kwa kitambaa cha rangi nyingine, fundi mzima. Akainama, akakinyanyua kile kiti na breki zake, akakitwika kichwani.

— Sasa mama utampandishaje nacho? akauliza mkewe.

— Kikigoma nitambeba mgongoni.

— Na wiki ijayo?

Waziri akaanza kuteremka, shingo imemzama mabegani, mkewe nyuma akishikilia gurudumu lisimgonge. Kwa mbali chini, mlangoni, niliona viatu vyeupe vya yule bibi, vimepangwa sambamba, vinangoja.

— Mkono mtupu haulambwi, akasema Mahakama taratibu.

Hakuna aliyemwambia kama imeingia au haikuingia. Betri alikuwa amekwisha kujisogeza, ameketi pale alipokuwa Waziri, koti la mwenzake mapajani. Akaninyooshea kikombe.

— Birika, ongeza basi.

— Kahawa imeisha, nikamwambia.

Haikuwa imeisha.