Hilkka Rönkkö, Aliyeunganisha Nyumba za Haukivaara

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Saija, binti wa kaka yake, nawasomea maisha ya shangazi yetu Hilkka, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa kijijini Haukivaara, mtoto wa nne wa mkata magogo Eino Tervaniemi na mkewe Lempi.

Alisoma shule ya kijijini, kisha sekondari Kajaani, na mwaka 1975 akahitimu hisabati katika chuo kikuu cha Oulu, mji ambako alifanya kazi miaka thelathini na tatu, akishughulikia jambo moja tu, kuzifanya kompyuta zisikilizane. Alipenda kutueleza kwamba ujumbe hukatwa vipande vidogo, kila kipande huandikwa anwani yake na kupita njia yoyote iliyo wazi, na kikipotea, kompyuta ya upande wa pili hukiomba tena bila kununa.

Tarehe 2 Juni 1979 alifunga ndoa na Taisto Rönkkö, dereva wa treni, wakajaliwa binti mmoja, Meeri. Taisto alipofariki mwaka 2008, shangazi alistaafu akarudi huku, akakuta nyumba kumi na moja zisizo na mtandao, akawashawishi majirani wachimbe kwa mikono yao mtaro wa kulaza mkongo, waya wa intaneti, hadi Septemba 2010 walipofika shamba la Mzee Urho Kinnunen, ambaye hakuwa akisemeshana na ukoo wetu tangu mwaka 1963, baba yake na baba wa shangazi walipogombania mpaka wa mashamba. Urho alikataa. Ardhi ilikaribia kuganda, na nyumba tisa zilikuwa ng'ambo ya shamba lake. Shangazi alimfuata, nami nilikuwepo.

"Huo mkongo wako una nini cha kuniambia mimi?"

"Hauna neno na wewe, Urho. Unapita tu na maneno ya watu. Na ule mpaka, baba yangu alikosea. Nimeiona ramani."

Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kutamka hivyo. Mzee aligeuka akautazama mtaro wetu.

"Chimbeni. Ila kahawa napika mimi, yenu ni maji ya kuoshea vyombo."

Nyumba ya mwisho iliunganishwa tarehe 9 Oktoba, siku mbili kabla ya theluji.

Mei 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki nyumbani tarehe 6 Novemba saa nne asubuhi, Meeri, aliyekwama mji wa mbali wa Tromsø kwa dhoruba, akimwimbia kupitia kompyuta, na Mzee Urho akiwa ameishika kwa mikono miwili isitikisike.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kajaani, wenzake wa Oulu, na ninyi majirani mlioshika sururu.

Shangazi, kazi umeimaliza, pumzika sasa kwa amani.