Fundi Makochi Hakuugua

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, mimi mtoto wa kaka wa marehemu, mwenye digrii ya uhusiano wa kimataifa na kazi sina, ndiyo maana nimepata muda wa kuisoma yote ile sera ya wizara nitakayoitaja.

Baba yetu mdogo, mliyemwita Fundi Makochi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akamaliza shule ya msingi mwaka 1975, akaingia karakana ya viti, akamwoa mama mdogo huyu tarehe 14 Juni 1986, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka 1988 akafungua karakana yake nyuma ya stendi ya mabasi. Aliongea na misumari mdomoni, na aliyemsema kwa kushona viti vya kambi ya jeshi alijibiwa kuwa kochi halichagui makalio.

Mwaka juzi wizara ya ulinzi ilimletea viti vya ukumbi wa mikutano, akavitia sponji mpya, na juu ya sponji hiyo wakubwa wakakaa wakapitisha Sera ya Kupunguza Madhara kwa Raia, very smart, yenye picha ya njiwa, wakatuambia kuanzia sasa bomu litakuwa linachagua. Wakaja wakapaka duara jeupe kwenye paa la karakana yake, wakawaambia majirani, ndege zikija kimbilieni kwa Fundi.

Kipengele cha ugonjwa nakiruka, hakuugua. Tarehe 2 mwezi huu, asubuhi, ndege zilikuja, akafungua milango, akabaki kizingitini akiwahimiza waliochelewa, bomu likamchagua yeye na majirani sita, na jioni redio ikasema waliokufa ni wapiganaji wa waasi.

Leo afisa wa wizara, yule aliye karibu na shada lake la maua, ameniita pembeni, akaniambia my brother, wewe soma "ajali" tu, nasi tutamtangaza kuwa alikuwa raia. Nikamfikishia mama mdogo, naye akasema mume wake alishika nyundo maisha yake yote, si bunduki, alikuwa raia, na hilo haliombewi kibali kwa mtu. Basi nasoma, aliuawa na jeshi la serikali yake.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliofukua kifusi kwa mikono, na mafundi wenzake waliolitandika jeneza hili kitambaa kwa ndani. Nawe afisa, asante kwa kuja, kiti ulichokalia tumekitoa kwenye kifusi hichohicho, kaa tu, hakichagui.

Pumzika, Fundi, hiyo amani tutaidai sisi.