Bi Odessa Pruitt na Bahasha Zake

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, Bi Odessa Pruitt anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika masjala ya mahakama yetu ya shirikisho, hapa Alabama. Meza yake ndiyo inayopokea barua za wafungwa wanaoshtaki magereza bila wakili. Amezisoma zote, hata zilizoandikwa kwa penseli nyuma ya fomu za kantini.

Wengi mnamjua kwa pai yake ya pichi, na kwa ukali wake kwa yeyote anayegusa stepla yake. Mawakili walimpachika jina la Bi Bahasha, maana hatupi bahasha hata moja iliyotoka gerezani. Makabati yakajaa, wakubwa wakalalamika, naye akaitikia kwa adabu na kuendelea na yake.

Mimi, Glenda Yancey, nilikuwa miongoni mwa waliomcheka. Wiki yangu ya tatu kazini, mwaka 2011, ikaja barua ya mfungwa Lamar Wimberly. Alisema walinzi walimvunja mkono koridoni, na ameliandikia gereza litunze picha za kamera, ambazo hujifuta baada ya siku thelathini. Sisi alitutumia nakala. Wafungwa hukosea hivyo kila siku, kwani madai ya ushahidi hupelekwa kwa mpinzani, si mahakamani. Nikairudisha kama kanuni zinavyotaka, bahasha nikaitupa.

Bi Odessa akainama, akaitoa pipani, akaipangusa maganda ya karanga. "Mwanangu," akaniambia, "barua inasema anataka nini. Alikitaka lini, utasoma hapa kwenye muhuri." Kisha akanituma kahawa, yakaisha.

Mwaka uliofuata Wimberly akafungua kesi, picha zikiwa zimeshafutika. Mawakili wa gereza wakasema hakuna ombi lililofika kwa wakati. Walidai kwamba nakala aliyokuwa nayo Wimberly aliiandika baadaye na kurudisha tarehe nyuma. Bila picha, lilibaki neno lake dhidi ya walinzi wanne, na kesi ilielekea kutupwa. Jaji akataka kila kilichowahi kupokelewa kutoka kwake. Masjala ikatoa bahasha moja, yenye muhuri wa chumba cha barua cha gereza lenyewe, wa siku ya kumi na moja baada ya tukio, picha zikiwa bado hazijafutika. Kando palikuwa na mwandiko wa Bi Odessa: "Nakala ya ombi la picha. Imerudishwa." Gereza likaomba suluhu wiki hiyo hiyo.

Msidhani alikuwa upande wa wafungwa. Baadaye bahasha nyingine ilimuumbua mfungwa aliyedanganya tarehe, naye Bi Odessa akaipeleka kwa jaji vilevile, ingawa siku hiyo aliacha chakula chake cha mchana mezani.

Ofisi nzima ilisifu bahasha ya Wimberly, na hakuna aliyejua kwamba ilikuwa imetupwa. Bi Odessa hakumwambia mtu, miaka yote hii. Nasema leo kwamba niliitupa mimi, na bado naona aibu.

Asante, Bi Odessa, kwa subira yako. Nenda ukaimbe kwaya yako bila kutazama saa, ukawadekeze wajukuu, nasi tunakuombea siku nyingi za afya na utulivu. Kuanzia Jumatatu meza yako ni yangu. Stepla umeniachia. Pipa nimelihamishia koridoni.