Zeytin ni Paka Wetu Sote

Benchi la Rifki liko nje ya kibanda chake cha chai, pale mtaa wa Samatya, limeegemea ukuta wa zamani na mguu wake mmoja umewekewa tofali lisiyumbe. Ijumaa hiyo baada ya swala, upepo wa kusini ulikuwa unavuma, ule wa kuumiza vichwa, na wana walishajipanga kama kawaida. Kulikuwa na Tahsin kinyozi, jina la kijiweni Wembe. Kulikuwa na Orhan, karani mstaafu wa korti, anayeitwa Mahakama kwa sababu hata bei ya nyanya anaikatia rufaa. Na pembeni kabisa alikaa mzee Hikmet, aliyewahi kufanya kazi Ankara miaka miwili tu enzi za ujana wake, na mpaka leo anaitwa Ankara. Walikuwa wanamsubiri dada wa kituo cha wanyama cha manispaa. Anamleta Zeytin, paka mzee, mweusi kama zeituni lililompa jina. Kule amegoma kula. Akikosa nyumba leo anarudi kizimbani, na daktari wao ameshasema kizimbani hafiki mbali.

— Nyumba ya nini sasa? — Wembe akaanza. — Yule paka wa mtaa mzima. Mtaa wenyewe ndio nyumba!

— Hapo umenena, — Mahakama akadaka. — Kisheria yule ni mali ya umma.

— Umma gani, mzee? Yule ni wetu.

— Sisi ndio umma, we kinyozi. Umekata vichwa vyote hivi hujaokota hata akili moja?

Hikmet alikoroga chai yake, kijiko kikagonga glasi ting ting. Sukari ilikuwa imeshayeyuka kitambo.

Zeytin alizeekea kwenye dirisha la duka la Madam Araksi, mama wa Kiarmenia aliyekuwa anashona mapazia. Madam alipofariki, mpwa wake akaja, akabeba cherehani, akafunga duka na kutia kufuli. Paka akabaki nje. Mtaa haukumtupa, hilo lazima lisemwe. Kila mlango ulimtolea bakuli.

— Mimi najua kwa nini hali chakula, — Rifki akasema, anafuta sinia. — Madam alikuwa anamsemesha Kiarmenia. Kule wanamwita kwa Kituruki. Unadhani anaelewa? Mwenzenu yuko ughaibuni.

— Ughaibuni wapi, kituo kiko nyuma ya soko la samaki!

— Ukikosa lugha, hata nyuma ya soko ni ughaibuni.

— Acheni hizo, — Wembe akasema. — Yule yuko kwenye mfungo. Anangoja arobaini ya Madam. Siku ile kanisani wakishasoma, mnamwona huyo anakula ng'ombe.

— Anadai urithi, — Mahakama akapinga, kidole juu. — Hana mtoto yule mama. Miaka yote ile nani alilala naye chumba kimoja? Paka! Duka ni la paka. Anagoma kula mpaka kesi isikilizwe. Nimeyaona hayo kortini.

— Umeona paka kortini?

— Nimeona waliokuwa na akili ndogo kuliko yeye.

Wakacheka. Hikmet hakucheka. Wembe akaagiza kahawa, akainywa harakaharaka, akakifunika kikombe kwa kisosi na kukigeuza, akangoja kipoe. Akakifunua, akachungulia masimbi, machicha ya kahawa yanayosomwa bahati.

— Haya, mambo hayo. Naona jumba. Naona roshani. Na paka kakaa juu yake.

Mahakama akanyoosha shingo. — Huyo ni ngamia.

— Paka.

— Ana nundu!

— Amezeeka, amepinda mgongo. Wewe wako umenyooka?

Kisha Wembe akamgeukia Hikmet, na sauti ikapungua. — Ankara, si umchukue wewe? Uko peke yako, vyumba viwili, kimya kama kaburi.

— Sitaki.

— Kwa nini sasa?

— Mke wangu Nuran nilimtoa mle ndani kwenye jeneza. — Hikmet hakuinua macho. — Niliapa kitu chenye roho hakitoki tena mle kwa namna hiyo. Na njia ya kutokutoka ni kutokuingia. Umeelewa, mwanangu?

Wembe akakiweka kikombe chini taratibu. Hata Mahakama hakukata rufaa.

Kitu ambacho Hikmet hakukisema ni kile alichokiona asubuhi moja baada ya mvua, kabla paka hajapelekwa kituoni. Alishuka na vichwa vya dagaa kwenye karatasi, akamkuta Zeytin amelala mlangoni kwa Madam, amelowa mpaka mifupa inahesabika. Mabakuli yamemzunguka kama mezani kwenye harusi, yote yamejaa, chakula kinaelea kwenye maji. Kila mtu alimlisha. Kila mtu alilala akijua mwenzake atakuwa amemfungulia mlango. Ndipo Rifki akapiga simu manispaa.

Yule dada akatokea na sanduku la wavu. Anaitwa Nilay, koti lake limejaa manyoya, macho mekundu ya kukosa usingizi. Benchi zima likasimama.

— Zeytin! Karibu nyumbani, baba!

— Mtu wetu huyo!

Rifki akakimbilia ndani akarudi na bakuli la maziwa. Wembe na jibini. Mahakama akatoa mfukoni kipande cha soseji alichokificha tangu asubuhi. Nilay akaliweka sanduku juu ya benchi, akayatazama mabakuli, akawatazama wao.

— Asanteni jamani. Huyu ni wa nani?

— Wetu! — wakajibu kwa pamoja, kifua mbele.

— Sawa, wenu. Leo usiku analala kwa nani?

Treni ikapita nyuma ya nyumba. Ilipomaliza kupita, bado hakuna aliyekuwa amejibu. Wembe alikuwa anatazama masimbi. Mahakama aliirudisha soseji mfukoni. Rifki akakumbuka birika lake.

Nilay alisubiri. Halafu akashika mpini wa sanduku.

— Binti, — Hikmet akasema. — Ngazi anapanda huyu? Mimi niko ghorofa ya tatu.

— Hapandi, mzee. Ni wa kubebwa.

— Na... atakaa?

Nilay hakumdanganya. — Figo zimechoka. Labda aione baridi ikiisha. Labda asiione.

Hikmet akajifuta viganja kwenye suruali, muda mrefu, kama vina uchafu usiotoka. Akafungua kimlango. Akamtoa Zeytin, mwepesi kama koti lisilo na mtu, akamtia kifuani ndani ya sweta.

— Ankara, — Wembe akaita, amesimama njiani, — mtunze huyo paka wetu.

— Wangu, — Hikmet akasema. — Sogea nipite.