Bi Vipimo na Sahani Zilizopoa

Ndugu wa karibu na wa mbali, majirani, nanyi mliofanya naye kazi, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye kazini aliitwa Bi Vipimo na nyumbani hakuitwa lingine ila Dada.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mwashi na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akaanza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza sekondari mwaka 1986, na mwaka 1990 akatunukiwa stashahada ya ufundi wa maabara, akiwa wa pili darasani, matokeo ambayo hadi mwaka jana alikuwa bado anayakatia rufaa.

Tarehe 2 Septemba 1991 aliajiriwa katika maabara ya chuo, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha moja lisilofunguka, na humo akadumu miaka thelathini na miwili akilea seli za utando wa ndani wa mishipa ya damu, zile zinazojipanga ubavu kwa ubavu kama vigae vya sakafu, ambazo kati ya kigae na kigae zina protini, mojawapo ikiitwa klaudini, zinazochomoza kutoka kila upande zikakamatana, zikabana mwanya na kuchagua kipi kipite na kipi kibaki, na zinapolegea, majimaji ya damu huvuja, mwili huvimba, na shinikizo la damu huanguka.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na fundi majokofu, aliyeitwa kutengeneza friza ya maabara na akarudi mara tatu kukagua friza iliyokwisha kupona, wakajaliwa binti mwaka 1996 na mwana mwaka 1999.

Mwaka 2009 Profesa wake alianza kujaribu dawa ya kukaza maungio hayo ya seli, na kazi ya Dada ikawa kupitisha umeme hafifu katika tabaka la seli zilizooteshwa kwenye sahani za maabara, kwa kuwa umeme ukipita kwa shida ni dalili kwamba maungio yamebana, na kila mara sahani zenye dawa zilishinda zisizo nayo, taarifa ikachapishwa, madaktari wakajiandaa kuwapa wagonjwa dawa hiyo ifikapo Agosti 2011. Tarehe 14 Juni mwaka huo, sahani zikiwa zimeshatolewa kwenye kabati la joto, mamamkwe alimpigia simu kuhusu mtungi wa gesi, na mamamkwe hakuwa mtu wa maneno mawili, hivyo Dada aliporudi mezani baada ya dakika ishirini na kupima sahani zisizo na dawa, alizikuta nazo zimekaza. Hapo akatambua kwamba seli zikipoa umeme hupita kwa shida hata kama maungio hayajabadilika, na kwamba yeye, kwa unadhifu wake, kwa miaka miwili alikuwa akipima zisizo na dawa kwanza, zenye dawa mwisho, zikiwa zimeshapoa.

Kwa siku tatu aligeuza foleni, akianza na zenye dawa, na kila siku sahani zisizo na dawa, zilizopimwa mwisho, ndizo zilizoshinda. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uleule, na mumewe anakiri kwamba alimwambia, "Mama watoto, ukinyamaza nani atajua?", naye akajibu huku akipiga pasi, "Watajua watakaopewa." Profesa alipoambiwa alisema, "Miaka miwili, Bi Vipimo, halafu unaniambia ni ubaridi?", naye akasema, "Ni ubaridi, Profesa, na aliyepanga foleni ni mimi." Taarifa ilifutwa mwezi Oktoba, wagonjwa hawakupewa dawa, na Dada aliongezewa mkataba wa kuosha vyombo vya maabara, akaviosha miezi kumi na mmoja, hadi Profesa aliporudia vipimo vyote kwa mkono wake mwenyewe na kumrudisha mezani.

Alistaafu Septemba 2023. Tarehe 3 Februari 2024 alilazwa kwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu, mishipa ikavuja, mikono ikavimba hata pete ikakatwa, na mwanawe alipouliza kama ile dawa ya zamani isingeweza kujaribiwa, alimjibu, "Ile haikuwa dawa, mwanangu, zilikuwa sahani zilizopoa." Alifariki tarehe 11 Februari, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, majirani waliopokezana zamu jikoni, na wafanyakazi wenzake wote, hasa Profesa, aliyekaa nasi hapa, ambaye Jumanne aliposikia kwamba tunakusudia kuuruka mwaka 2011 kwa kumstahi, alikuja nyumbani akaomba usomwe wote, pamoja na maneno yake, pamoja na ile miezi kumi na mmoja.

Umesomwa, Dada. Pumzika kwa amani.